"Si Ungenunua Tu?"

Nimetengeneza joistiki. Kwa mikono yangu, kwenye meza ya mathe, ya kompyuta iliyotoka kiwandani kabla wazazi wangu hawajajuana. Watu watano wa kwanza niliowaonyesha, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama inafanya kazi. Wote waliuliza kitu kimoja: "Si ungenunua tu?"

Leo tuongee kuhusu hilo swali. Najua mnaliuliza kwa nia nzuri. Linasikika kama ushauri wa mtu mwenye akili. Lakini mimi nasema hilo swali ni kufuli. Tumejifungia nalo wenyewe, halafu tunashangaa kwa nini kila kitu tulicho nacho kimetengenezwa na mtu mwingine, mahali pengine, na kikiharibika tunakitupa.

Msikasirike bado. Nianze na hadithi.

Anko wangu alisoma Uingereza miaka ya themanini. Wenzake walirudi na suti na redio kubwa. Yeye alirudi na Commodore 64. Kwa wale waliozaliwa juzi kama mimi: hii ni kompyuta ya nyumbani iliyotoka 1982. Inafanana na mkate wa rangi ya kahawia wenye vitufe, na kompyuta yote iko ndani ya hiyo kibodi. Unaiunganisha na TV. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64. Picha moja uliyopiga asubuhi kwa simu haiwezi kutoshea humo hata kidogo. Ukiiwasha inakuonyesha kwamba una baiti 38911 za kuandikia programu yako, halafu inanyamaza. Haina duka la programu, haina matangazo, haikuulizi nambari ya simu. Inakungoja wewe useme kitu.

Ilikaa juu ya kabati kwa Anko, Nakuru, miaka na miaka. Plagi yake ni ile ya miguu mitatu ya Uingereza, ambayo ndiyo hii yetu, kwa hivyo haikuhitaji hata adapta. Mwaka jana akaniambia, "Chukua hiyo kitu. Ukiiweza ni yako." Kompyuta ilikuwa nzima. Joistiki ndiyo ilikuwa imekufa: mpini umevunjika shingoni na plastiki ya ndani inabomoka ukiigusa.

Sasa, ndiyo, zinauzwa. Kuna watu huko nje bado wanazitengeneza. Nilipojumlisha bei, usafiri na ushuru, ilikuwa inakaribia pesa ya stima na maji ya nyumbani ya miezi mitatu. Lakini sitajificha nyuma ya umaskini. Ningeweka akiba kidogo kidogo, ningenunua. Sikutaka. Sababu yenyewe nitawaambia, lakini kwanza lazima mjue joistiki ni nini, kwa sababu wengi wanaoniambia ninunue hawajui wananiambia ninunue nini.

Joistiki ya Commodore 64 ni swichi tano. Basi. Si ati nimerahisisha. Ni swichi tano kweli: juu, chini, kushoto, kulia, na kitufe cha kufyatua. Ubavuni mwa kompyuta kuna soketi mbili zenye pini tisa. Pini ya 1 ni juu, ya 2 ni chini, ya 3 ni kushoto, ya 4 ni kulia, ya 6 ni kufyatua. Pini ya 8 ni ile ya pamoja, tuiite ardhi. Ukiunganisha pini ya 1 na ya 8, kompyuta inajua umesukuma juu. Ukiachilia, inajua umeachilia. Hakuna chipu ndani ya joistiki, hakuna programu, hakuna betri. Hata kipande cha waya mkononi kinaweza kuwa joistiki. Cha muhimu ni usiguse pini ya 7, kwa sababu hiyo ina volti 5, na ukiigusanisha na ya 8 umepiga shoti.

Na nilijuaje haya yote? Kitabu cha mtumiaji kilikuwa bado ndani ya boksi la Anko. Huko nyuma kuna mchoro wa kila soketi, pini kwa pini. Kampuni hiyo hiyo iliuza kitabu kingine cha waandishi wa programu, na ndani yake kulikuwa na karatasi ya kukunjua yenye mchoro wa saketi ya kompyuta nzima. Nzima, wasee. Ulinunua kitu, na ukauziwa ramani ya mwili wake.

Zaidi ya hapo, hiyo soketi haikuwa ya Commodore peke yao. Ilianza kutumika kwenye mashine ya gemu ya Atari ya 1977, na wengine wakaifuata. Kwa hivyo joistiki moja ilihama kutoka mashine hadi mashine. Jirani yako akiwa na Atari na wewe una Commodore, mnaazimana.

Kuna jambo moja kuhusu hiyo kampuni ambalo nalipenda sana. Mwanzilishi wake, Jack Tramiel, alizaliwa Poland, akanusurika kambi ya Auschwitz, akahamia Marekani. Huko jeshini alijifunza kurekebisha taipureta, na alipotoka akafungua kibanda cha kuzirekebisha, Bronx, New York. Yaani mmoja wa watu waliojaza kompyuta kwenye nyumba za watu wa kawaida alianza kama fundi. Fundi kama yule wa kona ya mtaa wenu, ambaye mathe wako anakuambia usome kwa bidii usije ukawa kama yeye.

Sasa ile sababu.

Nina kabro kangu. Mwaka jana kalikuwa Gredi ya Nane. Ni mtoto wa mikono: akiwa mdogo alifungua redio ya guka akairudisha, ikabaki na skrubu mbili nje na bado ikaimba. Shuleni kwao kuna chumba cha kompyuta. Kibodi moja ilikuwa na vitufe vinavyokwama, mwezi mzima hakuna aliyeijali. Siku moja mwalimu akiwa nje, kabro akaichomoa, akaifungua, akatoa uchafu na makombo, akaifunga, akairudisha. Ikafanya kazi. Shida ni kwamba mwalimu aliingia wakati skrubu bado ziko mezani.

Aliletwa nyumbani na barua. Uharibifu wa mali ya shule. Mathe akaitwa, akakalishwa kwa kiti, akaambiwa alipe kibodi mpya. Alilipa. Alichukua siku bila kwenda sokoni kuuza, na akalipa kibodi ambayo mtoto wake alikuwa amerekebisha. Na wajua kitu gani kinaniuma mpaka leo? Ile kibodi ya zamani iliendelea kutumika mpaka muhula ukaisha. Kabro ndiye aliniambia. Alikuwa anaiona kila wiki.

Sitaji shule. Si ya kwanza na si ya mwisho, na yule mwalimu pia ana bosi wake anayehesabu kibodi. Ninalotaka mlione ni kilichompata mtoto baadaye. Aliacha. Nikimwomba anishikie tochi nifungue feni, anasema, "Wewe fungua, mimi nitaharibu." Kijana wa miaka kumi na tatu, mwenye mikono kushinda yangu, anasema ataharibu. Neno "usiguse" lilikuwa limeingia ndani yake likakaa.

Kwa hivyo Anko aliponipa ile kompyuta na joistiki yake iliyokufa, sikufikiria gemu. Nilifikiria kabro. Nilitaka kitu ambacho tayari kimekufa, ambacho hakuna mtu duniani angemlipisha mathe, na ambacho kina siri ndogo ya kutosha kueleweka na mtoto kwa siku moja. Swichi tano.

Ununuzi ungenipa joistiki. Lakini joistiki sikuwa ninaihitaji.

Tulienda Luthuli Jumamosi. Plagi ya matundu tisa ya kulehemu, shilingi 80. Kitufe cha kengele ya mlango cha kufyatulia, shilingi 60. Waya tulitumia kipande cha kebo ya intaneti kilichobaki jirani alipofungiwa Wi-Fi: ndani kuna nyaya nane za rangi tofauti, na sisi tunahitaji sita tu. Mbao ni mabaki ya plaiwudi kwa seremala, bure. Mpini ni mti wa fagio. Na swichi nne za pande nne tulizipata kwa fundi wetu wa mtaa, kwenye lundo lake la maikrowevu zilizokufa. Mlango wa maikrowevu una swichi ndogo zinazolia "tik", imara sana, kwa sababu zimetengenezwa kufungwa na kufunguliwa miaka mingi. Alituuzia nne kwa soo mbili. Jumla: shilingi 340.

Hapa nisimame kidogo. Msiende kufungua maikrowevu nyumbani kwa sababu mmesoma hapa. Ndani kuna kapasita inayoweza kukuua hata baada ya kuichomoa ukutani. Fundi wetu ndiye aliyefungua, anajua kuitoa chaji. Kugusa vitu si kujitia ujinga. Ni kujua kipi kinauma, na kumheshimu anayejua kukuzidi.

Fundi huyo huyo ndiye aliyetuokoa na jambo lingine. Kabla hatujawasha chochote aliuliza, "Hii sanduku ya stima ni ya mwaka gani?" Tukamwambia. Akaikataa. Zile pawa za zamani za Commodore zinajulikana: kikiharibika kile kipande cha ndani kinachoshikilia volti 5, volti zinapanda na kuchoma chipu za kompyuta. Akatuundia nyingine kwa transfoma ya zamani, akapima kwa mita mara tatu mbele yetu, ndipo akasema, "Sasa washeni." Ikaja buluu kwenye Great Wall ya mathe. Mimi nilipiga kelele. Kabro alitabasamu kidogo tu, akarudisha mikono mfukoni.

Tukaanza kujenga. Nikachora mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye najua, si ndiyo? Tundu katikati ya kifuniko, mpini umepita hapo, umeshikwa na kipande cha tyubu ya baiskeli ili ukiuachilia urudi katikati. Chini ya kifuniko, swichi nne zimezunguka mkia wa mpini. Nikaandika kwa penseli: juu hapa, chini hapa, kushoto hapa, kulia hapa. Nikashika waya nilehemu.

Kabro akasema kwa sauti ndogo, "Umezigeuza."

"Nimegeuza nini?"

"Ukisukuma huku juu kushoto, mkia huku chini unaenda kulia. Swichi ya kushoto inafaa ikae kulia."

Manze, nilikaa kimya. Ni kweli. Ni kama kasia: mkono unaenda huku, maji yanasukumwa kule. Ningelehemu zote nne kinyume, na ningejua baada ya saa mbili. Nikampa penseli. Akasita. Nikaiweka mezani karibu naye, nikaenda kunywa maji, nikakaa jikoni zaidi ya ilivyohitajika. Niliporudi alikuwa amefuta maandishi yangu, ameandika yake.

Kisha ikaja sehemu ya kupima. Kwenye Commodore unaandika mistari miwili tu:

10 PRINT PEEK(56320)
20 GOTO 10

Hiyo 56320 ni anwani ambapo kompyuta inasoma soketi ya pili ya joistiki. Usipogusa kitu, skrini inajaa 127. Ukisukuma juu inakuwa 126. Chini 125. Kushoto 123. Kulia 119. Kufyatua 111. Kila swichi inapunguza kiasi chake: 1, 2, 4, 8, 16. Ukisukuma juu na kushoto pamoja, unatoa 1 na 4, unapata 122. Kabro aliona hiyo hesabu mwenyewe, bila kuambiwa na mtu kwamba hizo ni namba za msingi wa mbili. Shuleni walikuwa wameisoma. Alisema, "Kumbe ndiyo hii?" Ndiyo hii, buda. Ilikuwa imefungiwa ndani ya kitabu ikingoja swichi ya maikrowevu.

Lakini yetu haikuandika 127. Iliandika 119, 119, 119, mpaka chini. Hakuna aliyegusa chochote na kompyuta inasema tunasukuma kulia.

Hapa ndipo nilitamani ningenunua. Nakiri. Ilikuwa saa nne usiku, vidole vimechomeka, na sauti kichwani inaniambia, "Si ungenunua tu?" Kabro naye alifanya uso ule wa siku ya barua. Akasema, "Nimeharibu."

Nikamwambia, "Hujaharibu. Imekuambia ni wapi. Inasema kulia. Tuangalie kulia."

Tukapima swichi ya kulia kwa mita. Kumbe swichi za mlango wa maikrowevu haziko sawa zote. Nyingine zinaunganisha ukizibonyeza, nyingine zinaunganisha usipozibonyeza. Tatu zetu zilikuwa za aina ya kwanza, moja ya aina ya pili. Asubuhi yake tukarudi kwa fundi, akacheka, akatubadilishia bila malipo. Tukalehemu. 127.

Kabro alisukuma kulia. 119. Akaachilia. 127. Akarudia kama mara ishirini.

Sasa turudi kwenu, ninyi wa "si ungenunua tu". Najua mna hoja, na nitazichukua moja moja.

Wa kwanza mnasema hii ni teknolojia ya zamani, dunia iko kwa akili mnemba, jifunze kitu cha kukupa kazi. Sawa. Nami natumia hizo programu kila siku. Lakini niambieni, mtu ambaye hajawahi kuona swichi moja ikiwa namba moja kwenye skrini, anaelewa nini kuhusu mashine yenye mabilioni ya hizo swichi? Anaelewa kubonyeza. Mtoto anayejua kwa nini 119 ni kulia ameshika mwanzo wa uzi. Huo uzi unafika mpaka huko mnakotaka aende. Ninyi mnataka aanzie katikati ya nguo.

Wa pili mnasema muda ni pesa. Wikendi mbili kwa shilingi 340? Ningefanya kazi nyingine ningenunua tatu. Hesabu yenu ni sahihi kama kitu pekee nilichopata ni joistiki. Mmesahau kuhesabu kabro. Mmesahau kwamba ikivunjika kesho, mimi naitengeneza kwa bei ya kitufe cha kengele.

Na hapo tuongee kuhusu vile mnavyonunua. Padi nyingi za siku hizi zina vijiti vinavyopima mwendo kwa vipande vinavyosuguana. Vikisuguliwa vya kutosha, vinaanza kutembea vyenyewe: hujagusa na mchezaji wako anaenda kushoto. Joy-Con za Nintendo Switch, iliyotoka 2017, zinajulikana dunia nzima kwa tatizo hili. Ukitaka kuifungua uirekebishe, unakuta skrubu za mabawa matatu ambazo bisibisi ya kawaida haiingii. Tatizo ni lile lile letu la 119. Tofauti ni kwamba sisi tuliambiwa ni wapi, na tuliruhusiwa kuingia.

Simu nazo zimezidi. Betri imegundishwa kwa gundi. Nyingine ukibadilisha skrini kwa fundi, simu inakuandikia onyo kwamba haitambui hicho kipande, hata kama kinafanya kazi vizuri. Simu uliyonunua kwa jasho lako inakushtaki kwa kuitibu.

Na msidhani ninaabudu zamani. Hila hii nayo ni ya zamani. Mashindano makubwa ya Commodore huko Uingereza yalikuwa na Sinclair ZX Spectrum. Amstrad waliponunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka wa 1986, walitoa Spectrum +2 yenye soketi za joistiki ubavuni. Plagi ni ile ile ya pini tisa. Inaingia vizuri kabisa. Lakini nyaya za ndani walizipanga tofauti, kwa hivyo joistiki ya kawaida haifanyi kazi sawasawa na unalazimika kununua ya kwao. Umbo la urafiki, ndani kufuli. Mnaona? Hakuna sababu ya kiufundi hapo. Mtu alikaa mezani akaamua usiweze.

Tofauti ni kwamba wakati huo, mtu mwenye mita na chuma cha kulehemu angezipanga upya hizo nyaya jioni moja. Leo kufuli iko ndani ya chipu. Ndiyo maana wenzetu wameanza kupigana kwa sheria: mwaka wa 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kurekebisha, na jimbo la Oregon huko Marekani likapitisha yake inayobana hata hiyo tabia ya simu kukataa vipande. Sisi je? Sisi wenye mafundi kila kona, sisi wenye Luthuli na Kamukunji na Kariobangi, sisi tunaovaa akala za matairi, tunapaswa kuwa mbele kwenye hii vita. Badala yake tunawafundisha watoto wetu kwamba kufungua ni kuharibu.

Wa tatu, na hawa ndio wananiuma zaidi, ni wale wanaosema sheria ni sheria, mtoto hakupewa ruhusa. Kweli, hakupewa. Angeuliza. Lakini jiulizeni angejibiwa nini. Mtaala mpya tunaambiwa ni wa umilisi, mtoto aweze kufanya, si kukariri. Vitabu vina picha za waya na soketi. Halafu mtoto akifanya kweli, anapewa barua. Huo ni mtaala wa umilisi wa kukaa chini mikono imekunjwa.

Kwa hivyo nataka mambo matatu, na si makubwa.

Kila chumba cha kompyuta kiwe na meza moja ya vitu vilivyokufa. Kibodi mbovu, mausi mbovu, redio, chochote kisicho na umeme wa hatari. Andikeni juu yake: GUSA. Haitagharimu shule hata shilingi, kwa sababu vitu vilivyokufa tayari mnavyo, vimejaa stoo vikingoja mkaguzi.

Kila kifaa kinachonunuliwa kwa pesa ya umma kije na mchoro wake wa ndani na orodha ya vipande vyake. Mwaka wa 2016 serikali ilianza kupeleka tableti kwa watoto wa darasa la kwanza. Tulihesabu ngapi zimefika. Mngeuliza pia: ikianguka ikavunjika, nani ana mchoro? Commodore waliuza wao kitabuni mwaka wa 1982. Msiniambie haiwezekani.

Na sisi wenyewe. Siku mtoto, au mdogo wako, au rafiki yako akikuonyesha kitu alichotengeneza kimepinda na kina gundi pembeni, umeze hilo swali lako. Muulize, "Inafanya aje?" Halafu usikilize jibu. Ni hayo tu.

Joistiki yetu ni mbaya kwa macho, sitadanganya. Mpini umelala kidogo upande mmoja na kitufe cha kufyatua kina alama ya kengele ya mlango. Kabro aliandika gemu yake mwenyewe kwa lugha ya BASIC, matatu inayokwepa mashimo barabarani. Mashimo ni herufi O. Matatu ni herufi M. Ukigonga shimo, skrini inaandika SHUKENI. Alimwita mathe acheze.

Mathe alikaa, akashika ule mti wa fagio, akagonga mashimo manne mfululizo. Kisha akaigeuza ile joistiki, akaangalia chini, akaona nyaya za rangi sita zimepangwa vizuri kwa mikono ya mtoto wake. Akauliza, "Na hii nani aliunga?"

"Mimi," kabro akasema.

Mathe hakusema si mngenunua. Aliweka joistiki chini taratibu, akasema, "Pasi yangu imekataa kupata moto tangu Jumatano. Kesho uiangalie."

Bisibisi ilikuwa mkononi mwake kabla mathe hajamaliza kusema. Nilimwambia angoje kesho, na tutaifungua pamoja, ikiwa imechomolewa ukutani.